Rafiki Yetu Aliyependa Mlima

Wapenzi akina mama, kuna neno moja ambalo bila shaka hata wewe umewahi kulisikia likinong'onwa matangani wakati vikombe vya chai vinapopitishwa: "Alijitakia mwenyewe." Husemwa juu ya kijana aliyekufa kwa pikipiki, husemwa juu ya aliyezama akiogelea mtoni. Lilisemwa pia juu ya rafiki yetu mpenzi mwezi wa Februari mwaka 2016, tena katika sebule yake mwenyewe, watoto wake wakisikia.

Tuliahidi kwamba mwezi huu tutaendelea na lishe ya mtoto aliyeachishwa ziwa. Mtuwie radhi, lishe itangoja kidogo. Jina la rafiki yetu hatutalitaja, kwa heshima ya jamaa yake, lakini wengi wa wilaya yetu watamjua.

Tulisoma naye chuo cha uuguzi, tukalala chumba kimoja, tukavaa kofia nyeupe siku moja. Baadaye tulipangiwa hospitali moja, yeye wodi ya wazazi na sisi wodi ya watoto, tukawa tunakutana saa kumi za usiku kwenye kijikoni kunywa chai ya rangi na nduma alizozileta kwenye karatasi. Hakuwa mtu wa makelele. Katika kwaya aliimba sauti ya pili, tena vibaya, na alilijua hilo. Lakini kazini hakuwa na mzaha. Wauguzi wengi huhesabu pumzi za mgonjwa kwa nusu dakika kisha wakazidisha kwa mbili. Yeye alihesabu dakika nzima, akiitazama ile saa ndogo aliyoibandika kifuani, hata kama wodi ilikuwa imejaa hadi sakafuni. Ukimharakisha alikwambia, "Pumzi haipunjwi."

Alipata mapenzi ya mlima akiwa na miaka thelathini na mitatu, mtoto wa pili ameshaacha kunyonya. Kundi la wafanyakazi wa hospitali lilikwenda kupanda Mlima Kenya hadi Point Lenana, mita 4,985, ambako mtu hufika kwa miguu yake tu bila kamba. Wengi wetu tulirudi tukiwa na malengelenge, tukaapa kwamba basi. Yeye alirudi akiuliza juu ya vilele viwili alivyoviona vimesimama jirani kama meno, Batian na Nelion. Huko huendi kwa miguu. Ni mwamba mtupu, na mtu hupanda kwa kamba, akishikilia nyufa kwa vidole. Akaanza kujifunza. Jumamosi alizokuwa huru alikwenda Lukenya, kwenye majabali ya njia ya Mombasa, au Hell's Gate kule Naivasha. Mwaka 2014 alifika kilele cha Nelion, mita 5,188, akalala usiku huo katika kibanda kidogo cha bati kilichojengwa huko juu mwaka 1970. Alituonyesha picha. Kibanda chenyewe hakizidi banda la kuku.

Maneno hayakukosekana. Mama wa watoto wawili anafungwa kamba kiunoni kama mbuzi! Mume wake ni mwanamume wa namna gani? Katika kikundi cha akina mama alishauriwa kwa upole, kisha kwa ukali. Na sisi, tuseme wazi, hatukuwahi kuupenda mchezo huo, wala leo hatuupendi. Tulimuuliza mara moja, tukiwa zamu ya usiku, anatafuta nini huko. Akafikiri, halafu akasema, "Wodini ninaitwa sista. Nyumbani ninaitwa mama. Kanisani mwekahazina. Pale kwenye mwamba aliyeshika kamba yangu ananiita kwa jina langu." Tukanyamaza. Ni akina mama wangapi kati yetu ambao wamepitisha mwezi mzima bila kusikia jina walilopewa na wazazi wao?

Watu wengi mpaka sasa husema kwamba alianguka. Hakuanguka. Hata kamba hakuigusa safari hiyo. Tunaandika jambo hili kwa kirefu kwa sababu sisi ni wauguzi, na kwa sababu kuna msomaji ambaye mwanawe atapanda Mlima Kenya au Kilimanjaro na shule, na atakuwa na haja ya kulijua.

Alitoka zamu ya usiku Ijumaa asubuhi, akalala saa chache, na mchana wakaondoka kwa gari yeye na wenzake watatu. Kwa njia ya Naro Moru gari huweza kukufikisha mita 3,050 jioni ileile, nawe hujatembea hatua hata moja. Jumamosi walipanda hadi 4,200. Jumapili hadi kibanda cha 4,790, chini ya mwamba wenyewe. Siku tatu tu zilizopita alikuwa chini nyumbani kwake. Jumapili mchana alikuwa na kikohozi kikavu, wakadhani ni vumbi au homa ya mafua. Usiku pumzi zikamwia fupi hata akiwa ameketi. Kabla ya mapambazuko alikohoa povu lenye rangi ya waridi, naye kwa kuwa ni muuguzi alilitazama kwa tochi akawaambia wenzake linaitwaje. Walimbeba kumteremsha gizani, juu ya mawe. Akakata roho kabla hawajafika mahali ambapo gari linaweza kufika.

Jambo hilo ni maji kujaa mapafuni kwa sababu ya urefu wa mlima. Hebu tulieleze. Hewa ya mlimani ina oksijeni kwa kipimo kilekile cha hewa ya Mombasa, sehemu 21 katika 100. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, hivyo kila pumzi unayovuta huingiza oksijeni kidogo zaidi. Katika mita 4,800 mtu hupata kitu kama nusu na kidogo tu ya kile anachopata pwani. Mwili una njia ya kuzoea, lakini huhitaji siku. Usipopewa siku hizo, kwa watu wengine mishipa ya damu ya mapafu hukaza, tena bila kulingana, presha ndani yake hupanda, na maji huvuja kutoka kwenye damu kuingia katika vile vifuko vidogo ambavyo ni vya hewa. Mtu anazama, na hakuna mto wala ziwa.

Nguvu za mwili hazimkingi mtu. Vijana wenye afya, wanaokimbia kupanda, mara nyingi ndio wanaopatwa, kwa kuwa ndio wanaofika juu upesi. Mwenye mafua ya kifua yuko katika hatari zaidi, na aliyewahi kupatwa hupatwa tena kwa urahisi. Kwa kawaida dalili huja usiku wa pili hadi wa nne: uchovu usio wa kawaida, kikohozi, kukosa pumzi ukiwa umepumzika, midomo kugeuka rangi. Wapo wengine ambao ubongo ndio hushikwa. Huyo huumwa kichwa sana, huyumba kama mlevi, hawezi kutembea kwenye mstari akigusisha kisigino na kidole, hujibu maneno yasiyoeleweka. Dawa zipo, na oksijeni husaidia, lakini dawa ya kwanza ni kuteremka, usiku huohuo, usingoje kuche. Kushuka hata mita 1,000 kunaweza kumrudisha mtu. Rafiki yetu waliteremka. Walichelewa kwa usiku mmoja.

Ubongo unaokosa oksijeni ndio sababu ya jambo jingine ambalo twaomba mlishike. Mnakumbuka Mei ya mwaka 2024, Wakenya walipofuatilia habari za Cheruiyot Kirui, mfanyakazi wa benki wa miaka 40, aliyetaka kufika kilele cha Everest, mita 8,849, bila kutumia mitungi ya oksijeni. Huko juu hewa inayoingia mwilini ni kama theluthi moja ya ile ya pwani. Alikuwa na kiongozi wake Mnepali, Nawang Sherpa. Mawasiliano yakakatika. Mwili wa Kirui ukaonekana karibu kabisa na kilele, lakini Nawang hakuonekana. Taarifa zilizotolewa wakati ule zilisema kwamba kiongozi alikuwa ameeleza kwa redio kuwa mwenendo wa Kirui umebadilika, na kwamba amekataa kugeuka na amekataa oksijeni. Watu wakasema ni ukaidi. Sisi tuliopata kumwona mgonjwa akivua barakoa ya oksijeni, akatupiga ngumi tunapomrudishia, tunajua kwamba anayekataa pale si yule mtu uliyemzoea. Mgonjwa wa namna hiyo hatumlaumu wodini. Kwa nini tumlaumu mlimani?

Tena tusisahau kwamba waliofiwa ni nyumba mbili, ya Kenya na ya Nepal.

Jamaa ya Kirui waliamua mwili uachwe palepale, wasije wakapoteza watu wengine kwa kuuteremsha. Fikiria uzito wa uamuzi huo kwa jamii zetu, ambazo mtu hutafutwa hata akifia Ulaya, michango ikafanywa, ili alazwe karibu na mama yake. Zipo jamii kwetu ambazo mwili ukikosekana huzika mgomba, ili waliobaki wawe na mahali pa kusimama na kulia. Aliyemwona mama akirudi nyumbani bila kaburi hatauita mgomba ule upuuzi.

Kisha kuna lile swali la mama. Mwaka 1995 Mwingereza mmoja, Alison Hargreaves, mama wa watoto wawili, alifika kilele cha Everest mwezi wa Mei bila mitungi ya oksijeni, akibeba mizigo yake mwenyewe. Miezi mitatu baadaye, tarehe 13 Agosti, alifika kilele cha K2 huko Pakistan, mita 8,611, na wakati wa kuteremka upepo mkali ukamchukua pamoja na wenzake kadhaa. Alikuwa na miaka 33. Mwanawe alikuwa na miaka sita, binti yake minne. Magazeti ya kwao yalimshambulia marehemu: mama gani huyu? Pamoja naye walikufa wanaume, na kwa kila mmoja wao lile swali la baba gani huyu halikuulizwa kwa sauti ile. Hatusemi swali hilo ni baya. Ni swali la haki, na wenye watoto tumeliuliza. Ila likiulizwa, liulizwe nyumba nzima, si jikoni tu.

Mume wake aliwachukua wale watoto mwaka uleule, akawapeleka kuuona mlima ulioficha mama yao. Wako waliomcheka. Sisi tukifikiria, tunaona alifanya jambo la busara. Mtoto aliyeona mahali hatahangaika kubuni mahali.

Kwetu sisi, kosa lilianza siku ya pili ya matanga. Mama mmoja, mwenye moyo mzuri kabisa, alimkalisha binti wa marehemu, wakati huo ana miaka minane, akamwambia kwamba Mungu hutembea bustanini akachuma ua lililo zuri kuliko yote. Mtoto yule kwa majuma kadhaa alikataa kuvaa nguo nzuri. Alipoulizwa na baba yake, alisema hataki kuchumwa. Wapenzi, mtoto hupokea neno lako jinsi lilivyo. Mwambie: mama alipanda juu upesi, mapafu yake yakajaa maji, wenzake walijaribu kumsaidia, amekufa, hatarudi nyumbani, si kosa lako. Halafu nyamaza umshike. Atarudi kuuliza tena baada ya mwezi, na tena akiwa na miaka kumi. Jibu tena.

Yaliyosaidia yalikuwa madogo. Jirani mmoja alichukua nguo za kufua kila Jumamosi hadi mwezi wa Septemba, bila kutangaza. Mmoja wa wale wapanda mlima, kijana aliyembeba mgongoni sehemu ndefu kuliko wenzake, alikuja nyumbani ingawa aliogopa kwamba atafukuzwa. Shemeji yetu alimkaribisha chai. Kijana akasimulia usiku wote ule, saa kwa saa, na shemeji akasikiliza mpaka mwisho, akamuuliza tu kama marehemu alihisi baridi. Akajibiwa kwamba walimvika majaketi yao yote. Sisi tulikuwepo. Tunaamini kwamba shemeji alianza kulala usingizi tangu siku hiyo.

Na marafiki je? Katika maandishi ya mazishi husomwa mume, watoto, wazazi, ndugu, mashemeji, halafu mwishoni "na marafiki wengi." Sisi tulikuwa katika hao wengi. Rafiki hana siku za ruhusa kazini wala kiti cha mbele kanisani. Hupika, huhesabu sahani, hurudi zamu ya usiku, na saa kumi anajikuta ameweka vikombe viwili. Ikiwa umefiwa na rafiki na unaona haya kwa kuwa machozi yako yamezidi ya jamaa wengine, usione haya. Tafuta mtu mmoja aliyemjua, mtaje kwa jina lake. Sisi ilituchukua mwaka mzima kupata mtu huyo, naye alikuwa mfagiaji wa wodi ya wazazi.

Sasa tufike kwenye sababu iliyotufanya tuandike mwezi huu. Yule binti ana miaka kumi na saba, yuko kidato cha nne. Majuma machache yaliyopita alikuja kwetu jioni na sare yake ya shule, amebeba mfuko wa plastiki, na ndani yake viatu vya mlimani vya mama yake. Alivitoa stoo. Vinamkaa. "Mama mdogo," akasema, "klabu ya shule inakwenda Lenana baada ya mtihani. Baba amekataa. Niombee kwake." Kesho yake shemeji akatupigia simu, naye ana ombi lake: "Nisaidie kumkataza."

Tulikumbuka habari za wale watoto wa Hargreaves. Yule mvulana, Tom Ballard, alikua mpanda milima hodari kama mama yake, na mwaka 2019 akafa kwenye mlima Nanga Parbat, katika nchi ileile ya Pakistan, akiwa na miaka 30. Shemeji anaijua habari hiyo. Kuna mtu alimletea gazeti.

Kwa hiyo hatukumwambia shemeji kwamba hakuna hatari. Aliuliza kama ugonjwa ule hurithiwa. Tulimwambia kwamba wapo watu ambao miili yao ni mepesi kupatwa, wala hakuna kipimo cha hospitalini ambacho kinaweza kumhakikishia kwamba binti ni mmoja wao au siye. Kinachojulikana ni mwendo. Ukishapita mita 3,000, usilale juu kuliko jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu pumzika mahali pamoja. Tukachukua karatasi, tukaandika safari kwa njia ya Sirimon: usiku mmoja langoni, usiku mbili Old Moses kwenye mita 3,300, kisha Liki North ambayo inakaribia 4,000, kisha usiku mbili Shipton, mita 4,200, ndipo Lenana alfajiri na kuteremka siku hiyohiyo. Kwa mwanzo hatua ya Liki North inazidi kipimo kidogo, ndiyo maana tukaweka usiku wa pili Old Moses. Mwalimu alikuwa amepanga siku nne kwa jumla. Tulikwenda kumwona. Alisema siku saba ni gharama, na ni kweli ni gharama: mpishi, wapagazi, ada za mbuga kwa kila siku. Tumeanza kuchangisha katika chama chetu. Akina mama wengine wametoa huku wakinung'unika, na tumepokea vyote, fedha na manung'uniko.

Binti tulimpa masharti yake. Mwenye mafua haondoki. Anayekohoa humwambia kiongozi siku hiyohiyo, hata kama kilele kinaonekana. Anayeyumba huteremshwa na hasikilizwi. Aliyaandika yote katika daftari la biolojia.

Shemeji aliisoma ile karatasi mara mbili, akaikunja, akaitia katika mfuko wa shati. Akauliza, "Usiku ni nani atakayehesabu pumzi zake?" Magoti yetu hayawezi tena kupanda, tukamwambia hivyo. Lakini tulikuwa na ile saa ya kifuani, aliyotukabidhi mwenyewe mwaka 2016 wakati nguo zikigawanywa. Tumeitia betri mpya, tukampa binti, na wasichana wanne wa klabu walikuja kwetu Jumapili baada ya ibada kujifunza. Walihesabiana sakafuni sebuleni kwetu, dakika nzima kila mmoja. Anayecheka huanza upya.

Shemeji bado hajatoa jibu. Amesema tumpe hadi mwisho wa mwezi.

Lishe ya mtoto aliyeachishwa ziwa tutaileta toleo lijalo, pamoja na uji wa wimbi mliotuulizia.